Kinywe chini ya mikorosho ya mama: tusubiri, tusaini au tukatae?

*"Shikamoo mtaalamu. Kijiji chetu kipo mkoa wa Lindi. Mwaka juzi mwezi wa saba walikuja wathamini wa mradi wa kuchimba kinywe (grafaiti). Walihesabu mikorosho ya mama, sitini na miwili, wakapiga picha nyumba na choo, wakaandika namba nyekundu ukutani. Mama ni mjane, na baba amezikwa nyuma ya nyumba. Tangu siku ile tumeambiwa tusiendeleze kitu chochote. Bati limetoboka na hatuthubutu kulibadilisha. Fidia haijaja. Sasa kila mtu ana lake. Mjomba anataka tupande mikorosho mipya mia moja na tujenge vyumba viwili vya haraka ili hesabu ipande. Kaka yangu yuko Dar, anaendesha bodaboda ya umeme, anasema bila kinywe hakuna betri, tusiwe kikwazo cha maendeleo. Mwalimu mmoja hapa anasema kinywe ni sumu, visima vyote vitaharibika. Wengine wanasema ardhi ni yetu kwa hiyo madini ni yetu, tuuze wenyewe. Mama ananiuliza mimi kwa kuwa nimesoma, nami sina jibu. Tusubiri, tusaini au tukatae?"*

Marahaba, mwanangu. Mnisalimie mama.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Umeniuliza mambo matatu, lakini linalokukosesha usingizi naona ni moja: mnasubiri, na hakuna aliyewaambia mnasubiri nini wala mpaka lini. Nitakueleza kinywe ni kitu gani na kwa nini mradi umesimama. Ila kuna jambo la kufanya wiki hii hii, hata kabla hujafika mwisho wa jibu langu. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize: taarifa ya uthamini wa eneo letu iliidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali tarehe gani? Tarehe hiyo iandike, kwa sababu haki nyingi za mama zinahesabiwa kuanzia hapo. Siku aliyopigwa picha ni kitu kingine.

Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia unakufa ukitimiza miaka miwili tangu kuidhinishwa bila malipo kufanyika. Ukifa, unafanywa upya kwa bei za wakati huo. Kabla ya hapo, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita, inaanza kudai riba. Sasa tazama kwenu. Mwezi wa saba mwaka huu inatimia miaka miwili tangu wahesabu mikorosho, lakini idhini huwa inachelewa miezi kadhaa baada ya kazi ya shambani. Inawezekana mko katika kipindi cha riba. Inawezekana pia uthamini haujaidhinishwa kabisa, na katika hali hiyo namba nyekundu ukutani haina uzito ambao kijiji kimeipa. Sitabahatisha ni lipi kati ya hayo. Ofisi ya ardhi itakuambia.

Na bati libadilisheni. Mtu aliyewaambia msiendeleze alikuwa na maana kwamba nyumba mpya au mikorosho mipya haitaingia katika hesabu. Hakuwa na mamlaka ya kuwaamuru mlale mnanyeshewa. Andikeni barua fupi kwa mtendaji kwamba mnaziba paa linalovuja, apige muhuri kwenye nakala yenu, mpige picha kabla na baada, kisha pandeni juu. Nimekutana na nyumba zilizoanguka zikisubiri fidia, na mthamini wa pili alipokuja akakuta kifusi na kuandika kifusi.

Sasa kinywe chenyewe. Wengine wanakiita grafaiti. Si chuma wala si metali ya aina yoyote. Ni kaboni, ndugu wa mkaa na wa almasi, na ndicho kilichomo ndani ya penseli. Ukiokota jiwe lake huko kwenu ukalisugua kwa kidole, kidole kinang'aa kijivu na kuteleza. Kinateleza kwa sababu kimepangwa kwa kurasa nyembamba mno zilizolaliana kama kurasa za msahafu, na kila ukurasa unaweza kuteleza juu ya mwenzake. Betri inatumia nafasi zilizopo baina ya kurasa hizo. Kaka yako anapochaji pikipiki, chembe za lithiamu zinasafiri kutoka upande mmoja wa betri na kwenda kujipachika ndani ya kinywe, chembe moja ya lithiamu kwa kila chembe sita za kaboni. Anapoendesha, zinatoka na kurudi zilikotoka, na umeme unapita kwenye mota. Kurasa zinavumilia kuingiwa na kutokwa mara maelfu, na ndiyo maana mpaka leo betri nyingi za lithiamu zinategemea kinywe upande wa ncha hasi.

Kwa hiyo kaka yako ana haki katika nusu ya maneno yake. Shirika la Kimataifa la Nishati lilipopiga hesabu mwaka 2021, gari la umeme la kawaida lilikuwa na kilo 66 hivi za kinywe, kuzidi nikeli, kobalti au lithiamu iliyomo ndani yake. Tena kuna betri siku hizi, na za pikipiki nyingi ni za aina hiyo, ambazo hazina kobalti wala nikeli. Anayemlaumu bodaboda wa umeme wa Dar kwa mashimo ya kobalti ya Kolwezi, Kongo, huenda anamlaumu bure. Kinywe, hata hivyo, kimo katika aina zote mbili.

Nusu ya pili, ile ya kikwazo, naikataa. Dunia haijasimama kungoja mikorosho sitini na miwili. Kinywe cha kuchimbwa duniani kilikuwa kama tani milioni 1.6 mwaka 2023, na takriban robo tatu yake ilitoka China. Kuna pia kinywe cha kutengenezwa kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli, nacho kinashindana na cha shambani kwa nguvu zote. China ilipoweka vibali vya kusafirisha kinywe nje kuanzia Desemba 2023, wengi walidhani bei itaruka na migodi ya Afrika itafunguliwa kwa mbio. Bei ikashuka. Viwanda vya China vilikuwa vimezalisha kupita mahitaji.

Hapa naomba ukae nami kidogo, maana ndipo lilipo jibu la kwa nini mnangoja. Kampuni inayokuja kijijini kwenu, mara nyingi, haina fedha za kujenga mgodi. Ina leseni, ina wajiolojia, na ina karatasi inayosema mwamba una kinywe kiasi fulani. Fedha za kujenga inakwenda kukopa. Benki inauliza: nani atanunua? Kampuni inatafuta mtengeneza betri. Naye anasema nileteeni sampuli nijaribu, na majaribio yake yanaweza kuchukua mwaka au zaidi, kwa sababu kinywe si kama dhahabu ambayo kila mahali ni dhahabu. Ukubwa wa chembe, usafi na umbo vinatofautiana mgodi kwa mgodi. Chembe kubwa zina soko lake kwenye matofali ya tanuri za chuma, na chembe ndogo ndizo huenda kwenye betri. Mnunuzi akikubali, benki inauliza swali la pili: gharama zote ni kiasi gani, pamoja na fidia? Kwa sababu hiyo wathamini waliletwa kwenu mapema, ili kujaza safu moja katika jedwali la mkopo. Kisha bei ikashuka, benki ikarudi nyuma hatua moja, na jedwali likafungwa kwenye droo likiwa na jina la mama yako ndani.

Sisemi kampuni yenu ni ya walaghai. Wengi wao wana nia ya kweli ya kuchimba, na kampuni zenyewe zinaumia zikisubiri. Lakini ubaya wa mpango huu ni kwamba mwenye mradi anasubiri kwa fedha za wanahisa, na mama anasubiri kwa bati lililotoboka. Gharama ya kusubiri kwake haiandikwi popote. Sheria ya miaka miwili imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye, na haimsaidii asiyejua tarehe yake.

Twende kwa mjomba. Mpango wake una jina, na jina hilo lilizaliwa Nyamongo kule Tarime: tegesha. Unajenga kibanda au unapanda miche usiku ili mthamini akukute nayo. Namwelewa. Mtu aliyewahi kuona jirani akipunjwa hujifunza kutega. Ila mwambie kwa heshima kwamba safari hii itamgharimu mama. Idadi ya mikorosho ipo kwenye fomu yenye picha na sahihi, siku ya ukomo ya kuhesabu mali imeshapita, na picha za satelaiti zinaonyesha mwezi gani paa lipi lilikuwapo. Kijiji kikishahesabiwa kuwa cha tegesha, hata madai ya kweli yanawekwa kando kwa uhakiki, na uhakiki unaweza kula miaka. Uthamini ukifa kisheria na kurudiwa, hapo mikorosho mliyoipanda kwa kilimo cha kweli katika kipindi hicho mtaidai, mkiwa na ushahidi wa lini mliipanda.

Wanaosema madini ni yetu kwa kuwa ardhi ni yetu, hilo kwa Tanzania si sahihi. Ardhi ya kijiji mnaimiliki kwa haki ya kimila, na haki hiyo inalindwa hata kama mama hana hati mkononi. Lakini madini yaliyo chini ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na anayeruhusiwa kuyachimba ni mwenye leseni. Leseni nayo ina aina zake, na watu wanazichanganya. Leseni ya utafutaji inamruhusu mtu kuchoronga na kuchukua sampuli. Haimruhusu kuwahamisha, na gari lake likikanyaga ufuta wenu anawajibika kulipa. Kuwahamisha kunakuja na leseni ya uchimbaji. Waulizeni wana ipi, na waonyeshe karatasi.

Fidia sasa. Watu wengi wanaambiwa jumla tu, milioni kadhaa, na kuweka dole gumba. Jumla hiyo ni mafungu, na kila fungu lina kanuni yake tangu 2001. Kuna thamani ya soko ya ardhi, nyumba na mazao ya kudumu. Kuna posho ya usumbufu, inayopatikana kwa kuzidisha thamani hiyo kwa kiwango cha riba ambacho mabenki hutoa kwa amana ya mwaka mmoja. Kuna posho ya makazi: kodi ya mwezi ya nyumba kama ile, mara miezi 36. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kubeba tani 12 za mizigo kwa umbali wa hadi kilomita 20. Kama mama alikuwa na genge au mashine ya kusaga, kuna faida iliyopotea, nayo ni ya miezi 36. Mkiona fungu la makazi au la usafiri halimo kwenye karatasi yake, ulizeni kwa nini. Jibu linaweza kuwa kwamba nyumba iliandikwa haikaliwi, kwa kuwa ardhi isiyokaliwa hailipwi posho hizo. Kwa hiyo msihame kwenda kuishi kwa ndugu eti kwa kuwa mnaondoka karibuni.

Kwenye mikorosho ndiko wakulima wa kusini wanakopoteza zaidi, na si lazima kuwe na wizi. Tufanye hesabu ya mezani. Tuseme kila mkorosho unatoa kilo 10 kwa msimu, na kilo ni shilingi 3,000. Mikorosho 62 inatoa kilo 620, sawa na shilingi 1,860,000. Toa theluthi moja kwa palizi na salfa, inabaki 1,240,000 kila mwaka. Mkorosho ukitunzwa unazaa kwa miongo. Badilisha namba zangu kwa namba zenu halisi kutoka stakabadhi za chama cha msingi, kisha gawanya fidia ya mikorosho kwa mapato ya mwaka mmoja. Ukipata miaka mitatu au minne, jua kwamba mche mpya nao unahitaji kama miaka hiyo hiyo kabla haujaanza kuzaa vya kueleweka. Yaani fedha itakwisha siku ambayo mkorosho mpya unatoa kikapu cha kwanza. Hapo ndipo nawashauri watu waombe ardhi kwa ardhi, pamoja na miche na msaada wa miaka ya mwanzo, badala ya bahasha peke yake. Sheria yetu inaruhusu fidia ya namna hiyo. Na kama mradi unakopa kwa mabenki makubwa ya nje, mara nyingi unabanwa na viwango vya IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, vinavyotaka maisha ya mtu yarudi yalipokuwa au yawe bora zaidi. Waulizeni kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu na muhtasari ukiandikwa: mpango wa kurejesha maisha yetu uko wapi, na kwa Kiswahili?

Jina kwenye fomu ni la nani? Usiniambie unadhani. Nenda kaangalie. Nimeona fomu za wajane zikiwa na jina la shemeji kwa sababu yeye ndiye aliyekuwapo siku ya kuhesabu, mama akiwa kisimani. Jina liwe la mama, picha iwe ya mama, na akaunti ya benki iwe yake. Kama kuna mgogoro wa mirathi ya baba haujaisha, umalizeni sasa kwenye mahakama ya mwanzo, maana fedha ikifika kabla ya mirathi, ndugu wanazaliwa.

Kuhusu kaburi la baba, lipo chini ya Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Halifukuliwi bila taarifa kwa familia, na gharama za kuhamisha na za ibada zinabebwa na anayetaka ardhi. Hakikisheni limeandikwa kwenye fomu. Makaburi yasiyojengewa husahauliwa sana, kwa sababu mthamini mgeni anaona kichaka tu.

Mwalimu anayesema kinywe ni sumu, mpe haki yake, ingawa amelenga pembeni kidogo. Kinywe chenyewe hakina sumu. Watoto wanatafuna penseli tangu enzi. Hatari iko kwenye kile kinachotoka pamoja nacho. Mwamba ukiwa na asilimia 8 ya kinywe, katika kila tani 100 zinazosagwa, tani 92 hazitakiwi. Mgodi unaotoa tani 40,000 kwa mwaka unaacha nyuma karibu tani 460,000 za unga wa mawe kila mwaka, bila kuhesabu maji yake. Kinywe hakipendi maji, kwa hiyo kiwandani mwamba uliosagwa unatiwa kwenye matangi, unaongezwa mafuta kidogo na dawa ya povu, hewa inapulizwa kutoka chini, na kinywe kinapanda juu na povu. Kinachozama kinapelekwa kwenye bwawa la topesumu. Bwawa hilo ndilo la kuliogopa, na linaogopwa kwa mambo mawili.

La kwanza ni kuta zake. Novemba 2022 kingo za bwawa la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilaya ya Kishapu, zilipasuka na tope likafunika nyumba na mashamba. Lile halikuwa la kinywe, lakini tope halichagui madini. Ulizeni bwawa litakuwa upande gani wa kijiji, na maji yanatiririka kuelekea wapi masika. La pili ni madini ya salfa na chuma, yale yanayong'aa kama dhahabu ya uongo, ambayo mara nyingi yamo kwenye miamba ya kinywe. Yakisagwa na kukutana na hewa na mvua yanatengeneza asidi, na asidi inaamsha metali nyingine zilizolala kwenye mawe. Hilo linazuilika kwa kulaza bwawa juu ya tabaka lisilopitisha maji na kwa kuchanganya chokaa. Kuzuilika ni gharama, kwa hiyo fuatilieni.

Jambo moja ambalo vijiji hulikosa kila mara: pimeni maji ya visima vyenu sasa, kabla koleo la kwanza halijaingia. Miaka mitano baadaye kisima kikibadilika ladha, mgodi utauliza mlikuwa na maji ya namna gani zamani, na asiye na karatasi hana la kujibu. Idara ya maji ya wilaya inaweza kuchukua sampuli, na halmashauri ya kijiji iombe kwa barua. Vumbi nalo lichukulieni kwa uzito, hasa kijana atakayeajiriwa kwenye kusaga, kukausha na kufungasha. La hatari zaidi kwa mapafu kuliko kinywe ni vumbi la silika iliyo kwenye mawe, nalo linaua polepole. Kitambaa usoni hakiizuii. Inatakiwa barakoa ya kuchuja vumbi na maji ya kulilaza. Mtu akikohoa kwa zaidi ya wiki mbili aende hospitali, na aseme wazi kwamba anafanya kazi mgodini.

Huenda umesoma mahali fulani kwamba kusafisha kinywe kwa ajili ya betri kunatumia asidi kali sana. Ni kweli, China wanatumia asidi ya hidrofloriki kwa hatua hiyo. Lakini hatua hiyo iko kwenye kiwanda cha kusafishia, ambacho migodi mingi haina. Kikipangwa kujengwa kwenu, ni mradi mwingine wenye tathmini yake ya mazingira, na mna haki ya kuitwa na kusikilizwa upya.

Je, kuna faida kwenu? Ipo, ila ipimwe kwa kijiko na si kwa ndoo. Serikali inachukua hisa zisizopungua asilimia 16 bila kulipia. Halmashauri inapata ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Tani 40,000 zikiuzwa dola 1,000 kila moja, kwa kiwango hicho halmashauri inapata dola 120,000 kwa mwaka. Si haba, lakini fedha hiyo inakwenda wilayani, na zahanati yenu itaiona kama diwani wenu anajua kuidai. Kazi za ujenzi ni nyingi na za muda mfupi. Kazi za kudumu ni chache na zinataka cheti. Kama una mdogo wako amemaliza kidato cha nne, chuo cha ufundi cha VETA sasa hivi kina maana kuliko kungoja tangazo la nafasi za kazi getini.

Na mimi binafsi niko upande gani? Napenda kinywe kichimbwe. Dunia inachimba zaidi ya tani bilioni 8 za makaa ya mawe kila mwaka na kuyachoma mara moja, wakati kinywe cha kaka yako kitachajiwa maelfu ya mara, na nchini kwetu sehemu kubwa ya umeme wa kukichaji sasa unatoka majini, Bwawa la Nyerere peke yake likiwa na megawati 2,115. Lakini sikubali kwamba hewa safi ya watu wengine ilipiwe na mjane wa Lindi kwa mikorosho yake.

Tuje kwenye swali lenu. Kukataa kabisa kuna uzito, ingawa si kufuli. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa, na mazao nayo yana kinga yake. Ila ridhaa ikionekana imenyimwa bila sababu ya msingi, mamlaka inaweza kuamua vinginevyo. Kwa hiyo "hatutaki" tupu ni dhaifu. "Hatutaki mpaka tuonyeshwe mafungu ya fidia, mpango wa ardhi na eneo la bwawa" ni hoja, na mkiisema kaya hamsini kwa barua moja inasikika mpaka kwa anayekopesha. Mabenki hayo yanakumbuka Balama, ng'ambo ya Ruvuma kule Cabo Delgado, Msumbiji. Mwishoni mwa 2024 mgodi wa kinywe ulio miongoni mwa mikubwa nje ya China ulisimama kwa sababu ya wakulima waliokuwa na malalamiko ya zamani ya ardhi.

Kusaini je? Mama asaini pale tu fomu imejazwa yote, amesomewa na mtu anayemwamini, na amebaki na nakala. Fomu yenye nafasi tupu isisainiwe, hata akiambiwa gari linaondoka. Gari litarudi. Kusaini kwamba mali zimehesabiwa sawasawa si sawa na kusaini kwamba umekubali kiasi cha fedha. Ulizeni karatasi mnayopewa ni ipi kati ya hizo mbili.

Mimi nisingeketi tu kungoja. Ningelima mihogo na ufuta kama kawaida, ningeziba paa, ningeweka tarehe ukutani kando ya ile namba nyekundu, na miaka miwili ikitimia bila malipo ningeandika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa Mthamini Mkuu na Tume ya Madini, kuomba uthamini mpya.

Yapo mambo ambayo barua yangu haiwezi kuyatatua, na hapo mtafute mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Jina la mama likiwa halimo, au idadi ya mikorosho ikiwa pungufu, muone mthamini wa halmashauri mkiwa na picha na mashahidi wawili wa jirani. Mkitishwa, mkishinikizwa kusaini, au mashine zikiingia shambani kabla ya malipo, msigombane na dereva. Nendeni kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu siku hiyo hiyo. Huduma yao kwa wasio na uwezo ni ya bure. Mipaka na jirani ikigombewa, anzeni baraza la ardhi la kijiji.

Ukipata ile tarehe, niandikie. Nitumie na picha ya fomu, pande zote mbili, tuihesabu pamoja. Na mama akiuliza kuhusu mikorosho, mwambie msimu huu aipulizie salfa kama miaka yote.